Nilivyokuwa Mama Kangourou

Kama unasoma haya maneno, pengine umekaa kwenye banc ya mbao inje ya salle fulani ya hôpital, na mutu wa blouse nyeupe ametoka kukuambia kwamba mutoto wako amezaliwa mbele ya wakati. Pole sana. Ile banc naijua. Daktari atakueleza mambo ya mapafu na ya damu, mimi hiyo siiwezi, niko mutu wa samaki. Nitakueleza tu yale daktari hakuniambia: mugongo utauma wapi, nani atakucheka, na namna gani mutu anaenda kukojoa wakati mutoto amefungwa kwenye kifua chake. Jibu ya hii ya mwisho: punguza chai.

Jina yangu ni Kasereka. Natosha samaki Kyavinyonge, kule ziwani, na kuziuzisha Butembo, kwenye tunakaa na bibi yangu Masika na vijana wetu wawili, Paluku na Kambale. Mimba ya tatu ilikuwa haijatimiza miezi munane wakati tuliposhuka Beni juu ya ndoa ya mudogo wake Masika. Mama yake Masika anakaa Beni. Miye nilileta samaki ya karamu, nikaishusha mwenyewe asubuhi, kisha nikavaa kostim ya kuazima na kuingia kanisani.

Chorale ilikuwa inaimba. Masika akashika mukono wangu, akaukaza. Nikasema ndani ya moyo: kumbe miaka yote hii bado ananipenda. Akakaza tena, kwa nguvu. Nikamugeukia, nikamutolea meno yote.

"Papa Paluku," akaniambia kwenye sikio, "unacheka nini? Mayi imemwangika."

Tulitoka kanisani mbele ya bibi arusi. Masika alikaa katikati kwenye moto, ile pikipiki, miye nyuma namushika, na motari anapiga klakson kama yeye njo anazaa. Kufika maternité, damu ilikuwa inatoka mingi, wakamuingiza moja kwa moja kumupasua. Nilibaki kwenye banc na bokilo yangu, mama yake Masika, kila mutu kwenye mwisho wake, maana kwetu mutu na mama wa bibi yake hawakaribiane. Yeye alikuwa anaomba Mungu na kukohoa, anakohoa na kuomba. Miye nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Mwenye alitoka kwanza ni infirmière mumoja, Madame Espérance, mwanamuke wa mwili mukubwa na sauti yenye inafika mpaka kwenye barabara. Alibeba kitu ndani ya kitambaa.

"Papa, ni binti."

Kwetu binti mwenye kufuata vijana anaitwa Kahindo. Hatukuhitaji kufikiri, jina ilikuwa inamungoja. Madame akafunua kidogo. Sasa, miye macho yangu inapima kitu mbele ya balance, ni kazi yangu. Na nakuambia kweli: kama ningemukuta ndani ya wavu, ningemurudisha mayini akomae kwanza. Miguu ilikuwa ya ukubwa wa kidole changu. Ngozi yake ilikuwa nyekundu, unaona mishipa yote. Nilitaka kusema kitu ya kumukaribisha, na badala yake nikaanza kulia.

"Utalia nyuma," Madame akasema. "Couveuse ya kupasha batoto moto iko moja na ndani muko mapacha tayari, tena courant ya umeme inakuja wakati inapenda. Huyu anaomba moto ya mwili wa mutu. Nani atamubeba?"

"Mama yake."

"Mama yake hata kugeuka hawezi, na homa inapanda. Mwengine?"

"Bokilo."

Bokilo akakohoa, kama mwenye alikuwa anangojea zamu yake.

"Ule hapana. Mwengine?"

Nikaangalia nyuma yangu. Nyuma yangu kulikuwa ukuta.

"Papa," Madame akasema, "tosha chemise."

Nikaitosha. Akanikaribia, akanusa, akarudi nyuma hatua moja.

"Unauzishaka nini?"

"Samaki."

"Nilijua."

Akanituma kwenye bomba na kipande ya sabuni. Nilijisugua mpaka ngozi ikawaka, nikarudi, akanusa, akanirudisha. Mara ya pili akanusa tena, akatikisa kichwa. "Haya," akasema, "sasa uko samaki mwenye kunawa." Akanilazia mutoto kwenye kifua, uchi, na kofia tu, akatufunga na kikwembe mpaka nikajisikia ndizi ndani ya jani.

Alikuwa wa baridi. Hiyo sitaisahau, ile baridi. Kisha, pole pole, nikasikia moyo wake unapiga juu ya wangu, mbio mbio. Nilimupenda pale pale, na nikaogopa sana kumupenda.

Madame hakutuficha kitu. "Akipumua vizuri na akiongeza uzito, mutarudi naye kwenu. Lakini bale badogo hivi banasahauka kupumua. Akisahau, mumukumbushe. Unasugua mugongo, unamupiga nyayo na kidole. Hapana kumutingisha. Hii mutoto bado hajajua kazi ya kupumua, weye njo utamufundisha." Aliisema kwa sauti yake ile, salle yote ikasikia, na bokilo vilevile, kule mulangoni.

Kwenye mulango ya hiyo salle waliandika na rangi: MAMA KANGOUROU. Kangourou ni ile nyama ya inchi za mbali yenye inabeba mutoto kwenye mufuko ya tumbo. Hakuna mutu mwenye alifikiri kuandika papa. Ndani mulikuwa banamuke tu, kila mumoja na kofia ndogo inatokea kwenye kifua. Kuniona, bakaniangalia bote. Kisha mumoja, mama mwenye alitoka Mbau, akasema: "Mama mupya, karibu. Kitanda yako njo ile." Bakacheka mpaka batoto bakaamuka.

Walinifundisha yote. Kulala nusu ya kukaa, na mito mbili. Kumupa maziwa na kikombe ndogo wakati walipotosha ule mupira mwembamba wa puani wenye ulikuwa unamupitishia maziwa. Maziwa yenyewe Masika alikuwa anaikamua kwenye salle ya bale wamepasuliwa, Madame anaileta. Kidogo, kijiko moja, nusu ya kijiko. Sijawahi kuona mutu anabeba kitu na heshima vile. Paka wa hôpital naye akahamia mulangoni petu. Banamuke balisema anafuata panya. Miye nilijua anafuata nani.

Mwili ulibadilika. Shingo ilikataa kugeuka upande wa kushoto. Mugongo uliuma pale chini, kwenye mukaba. Nywele za kifua, na miye Mungu hakunipa nyingi, Kahindo alizishika moja moja na kuzivuta mpaka machozi inanitoka. Nikianza kulalamika, Mama wa Mbau anasema: "Na ungejua kuzaa."

Lakini taabu kubwa ilikuwa bokilo.

Kwetu mutu na mama wa bibi yake banaheshimiana mpaka inachosha. Hatukai karibu, hatuli chakula tukiangaliana, na kifua wazi ya mukwe ni kitu mama hapaswi kuona hata kidogo. Na sasa yeye njo alikuwa anatupikia, na miye njo nilikuwa kifua wazi toka asubuhi. Angefanya nini? Siku ya kwanza aliingia kinyumenyume. Alijifunika kikwembe kichwa chote, akashika vitanda moja moja na mukono wa nyuma, mugongo mbele, sufuria kwenye mukono ingine, akakaa kwenye kiti ya mulangoni akiangalia inje.

Madame akamuona na kile kikwembe kwenye mudomo. "Muangalie huyu mama!" akapiga kelele. "Anakohoa na anajifunika. Njo hygiène hiyo!"

Hatukuzungumuza moja kwa moja vilevile. Yote ilipitia kwa Mama wa Mbau, mwenye kitanda yake ilikuwa katikati.

"Mwambie Papa Paluku, bugali iko hapa."

"Papa Paluku, bugali iko hapa."

"Mwambie mama, aksanti."

"Mama, anasema aksanti."

"Mwambie amalize na buyi."

Buyi! Hiyo ilikuwa uji ya mutama na karanga, sufuria muzima. Kwetu mwenye kubeba kitoto kichanga anapewa buyi juu maziwa itoke. Bokilo alijua muzuri kama miye ni mwanaume, lakini alisema mwenye anabeba ni mwenye anabeba. Ningekataa namna gani? Kupitia kwa nani? Nilikunywa kila siku. Maziwa haikutoka. Tumbo njo ilitoka.

"Miye nikitoka hapa," Mama wa Mbau akasema siku moja, "naenda kuomba kazi kwenye radio."

Mambo ilifika mpaka Butembo. Kakule, mwenzangu wa sokoni, akanipigia telefone. "Kasereka, hapa banasema uko unanyonyesha."

"Bado," nikajibu, akili yangu iko kwenye kikombe ya maziwa.

"Bado!" Nikamusikia anaita bengine. "Anasema bado!"

Na Masika hakuwa na hamu ya kucheka. Nilikuwa nakwenda kumuona wakati walinifungua kidogo nikanawe, maana mutoto hangeingia kule kwenye bagonjwa ba homa. Kila mara aliniuliza sawasawa.

"Anafanana na nani?"

"Na weye."

"Unadanganya. Hauko unamuangalia hata, unaangalia kofia." Kisha siku moja akageuza uso ukutani. "Miye njo nilipasuliwa, na weye njo mutoto anajua harufu yako. Nikitoka hapa ataniita tantine, hapana mama." Nilikuwa nimechoka, nikasema kwamba harufu yangu kila mutu anaijua, hata paka. Hakucheka. Aliniambia nitoke.

Sasa ile siku. Mvua ilikuwa inapiga mabati, mutu hasikii mwenzake. Mama wa Mbau alikuwa ameenda kupima mutoto wake. Bokilo alikuwa kwenye kiti yake ya mulangoni, mugongo kwangu, kikwembe juu ya kichwa. Kikohozi ilikuwa imekwisha, lakini kikwembe ilibaki. Nilikuwa nasinzia. Nikaamuka, na sikujua nini imeniamusha. Nikasikiliza. Njo nikafahamu kwamba ni kitu imeacha. Ile pumzi ndogo yenye ilikuwa inaniwasha kwenye kifua kila wakati haikuwapo.

Nikafungua kikwembe. Midomo ilikuwa buluu. Nilijua cha kufanya, nilifundishwa, nilikuwa nimerudilia ile somo kila asubuhi kama katekisimu. Mikono ikakataa. Hii mikono yenye inapasua samaki bila kuangalia, ikashika kofia tu. Nikaita Madame. Mvua. Nikaita tena. Mvua.

"Mama!" nikapiga kelele. Sikupitisha kwa mutu. "Mama, hapumue!"

Kikwembe iliruka kwenye sakafu. Bokilo akavuka salle uso mbele, mbio, mama wa miaka yake, akaingiza mikono yote mbili kwenye kifua changu, akageuza mutoto, akasugua mugongo, akamupiga nyayo na kidole.

"Kahindo! We Kahindo! Nani amekuambia upumuzike? Kazi bado! Pumua!" Akapiga tena. "Pumua, nasema!"

Mutoto akakunja uso. Akavuta pumzi. Kisha akalia, kilio nyembamba, kama mulango mwenye kukosa mafuta, na miye sijasikia chorale inaimba vizuri vile.

Madame aliingia analowana, akamubeba kumupa oxygène, akakaa naye mpaka rangi ikarudi. Miye na bokilo tukabaki tumesimama pale kitandani, tunaangaliana. Ilikuwa mara ya kwanza naona macho yake sawasawa. Yanafanana na ya Masika. Mukono wake mumoja ulikuwa ungali kwenye kifua changu, ameusahau pale.

"Mama," nikasema, "unisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Umeona..."

Akatosha mukono. Akaniangalia kifua toka juu mpaka chini, bila haraka, namna anaangalia kuku sokoni.

"Papa Paluku," akasema, "siku hizi zote naumiza shingo kujificha. Kumbe hapana kitu ya kuona."

Mama wa Mbau alikuwa amefika mulangoni na mutoto wake. Alicheka mpaka akakaa chini. Bokilo akacheka, na miye nikacheka, kisha tukalia wote wawili, na hakuna mwenye alitafuta kujifunika. Toka pale aliingia uso mbele, na sufuria yake ya buyi, na alinisemesha moja kwa moja, mingi kuliko nilivyotaka. Mama wa Mbau akapoteza kazi yake ya radio.

Ile habari ilifika kwa Masika mbele ya mvua kukatika. Homa ilikuwa imeshuka toka siku mbili tatu, lakini walikuwa hawajamuruhusu kutembea. Hakuomba ruhusa. Tukamuona anakuja ameshika ukuta, mukono ingine kwenye kidonda, na Madame nyuma yake anapiga kelele za bure.

"Nipe mutoto wangu," akasema.

Nikamusaidia kukaa. Madame akaacha kelele, akamufungua blouse, tukamulazia Kahindo pale. Mutoto akanusanusa, akasogeza kichwa mara mbili, akalala. Masika akasogeza kofia aone uso. Alimuangalia wakati murefu, kisha akainua macho.

"Ananuka samaki," akasema, na machozi inamushuka mpaka kwenye kofia.

Nyuma ya pale tuligawanya siku. Yeye asubuhi, miye kuanzia saa ya chakula, na kila mutu alisema saa ya mwenzake imepita. Balance ikaanza kupanda. Siku zingine ilipanda kidogo sana, siku zingine ilishuka na hakuna mwenye alikula. Lakini ilipanda.

Walipoturudisha Butembo, Madame akaniambia: "Kule kwenu kuko baridi. Hapana kuacha kangourou." Basi nilisafiri na mutoto ndani ya koti. Kwenye barrière ya barabarani, soldat mumoja akaingiza kichwa kwenye taxi, akaonyesha tumbo langu na kidole.

"Papa, eza nini wana?"

"Mutoto."

Akaangalia Masika mwenye alikaa mikono mitupu. Akaniangalia miye. "Mama eko bule, na papa njo eko na mimba? Fungola!"

Nikafungua kifungo. Kahindo akapiga chafya kwenye uso wake. Ule mutu aliruka nyuma na bunduki yake, kisha akaita wenzake: "Boya kotala!" Wakaja wote, mumoja mumoja, wakainamisha kichwa na kuchungulia, na wa mwisho akatosha kofia. "Papa, courage," akasema, na akatufungulia kamba mwenyewe.

Butembo tulikuwa tunaenda kumupima kila juma. Kwenye salle ya kungojea, infirmière akiita "Mama Kahindo!" tunasimama bantu bane, maana ba Kahindo ni bengi kwetu: banamuke batatu na miye.

"Papa, naita bamama."

"Miye njo mama."

"Na miye niko nani?" Masika anauliza.

"Weye uko unanyonyesha tu."

Alinipiga na mufuko ya nguo, banamuke bakamupigia makofi. Sokoni Kakule alinishikia meza, na wateja walikuja kununua samaki wakitaka kwanza kuchungulia koti. Wengine walichungulia bila kununua. Kahindo akapata mashavu. Alizaliwa bantu banapanda maharagi, na sasa walikuwa banaing'oa, na miye nilikuwa nimezoea kutembea na mikono yote mbili kwenye tumbo, hata wakati hamukuwa mutu.

Ile asubuhi ya mwisho walimupima vizuri. Nikafungua chemise, nikamuingiza mahali pake, nikafunga kikwembe. Akakakamaa. Akakuwa mwekundu, akapiga kelele yenye sikujua kama anayo, akanisukuma tumbo na miguu yote mbili. Nikamutosha, nikamubembeleza, nikamurudisha. Ikawa mubaya zaidi.

"Ana nini? Anaumwa wapi? Muite daktari!"

Infirmière alikuwa anacheka. "Papa, haumwe. Anasikia moto mingi. Sasa mwili yake inajipikia moto yenyewe. Bale ba kangourou bakipona, njo vile banafanya: banafukuza mutu."

Masika akamubeba, akamuvalisha tricot, na pale pale akanyamaza. Akaniangalia toka kule kwenye bega la mama yake, macho makavu, kama hatujawahi kujuana. Masika akacheka mpaka akashika kidonda. Miye nikasema natoka inje kidogo.

Inje nikafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Baridi ya Butembo ikaingia sawasawa pale alipokuwa analala, nikaanza kulia, mutu muzima, na sauti. Kwenye banc alikuwa binti mumoja mwenye sikumujua, kijana sana, na kikwembe kimefungwa kwenye kifua, na juu ya kikwembe kofia ndogo kama limao. Aliniona, akaifunika ile kofia na mukono.

"Papa," akauliza pole pole, "wako amekufa?"

"Hapana, mama," nikamwambia. "Amepona. Amenifukuza."